Bendera Tatu Juu ya Jiwe

Jumatatu, 3 Julai 1995

Kivuko hakikuja tena. Magugumaji yamejaza ghuba yote, kijani kitupu, unaweza kudhani ni shamba la mtu. Abiria walikaa gatini tangu asubuhi juu ya magunia yao, wakiangalia maji. Hakuna aliyewaambia kitu. Karani alifunga dirisha la tiketi akaenda kunywa chai. Mama mmoja wa Igoma alikuwa na tenga la nyanya. Mpaka mchana nyanya zilianza kutoa maji, naye bado anauliza kila anayepita kama kivuko kipo. Kila anayepita anamjibu anavyojisikia.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Kungoja mtu anakuzoea. Kungoja bila kujua unangoja nini ndiko kunakomla mtu. Kungoja huko mimi nakujua vizuri. Tangu shirika letu la umma linipunguze kazini nimekuwa nangoja kuitwa tena, na hakuna anayekuja kuniambia niache kungoja.

Basi wazo likaja! Mtu aliyekuwa Msaidizi wa Afisa Uhusiano anakaa nyumbani, na gati halina taarifa. Nimevaa suti nikaenda kwa Mzee Shimba, meneja wa hii kampuni mpya ya kivuko. Nikampa shikamoo ya heshima na maelezo marefu. Akasema nijaribu mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, bila malipo. Abiria wakiridhika atanipa ajira. Afisa Taarifa! Nimemwambia mke wangu, Sabina. Akasema vizuri, ila nisisahau kwamba Jumamosi hiyo hiyo ndiyo mwisho wa Queen kuripoti shule ng'ambo, kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Asiporipoti nafasi inapewa mwingine. Nimemjibu kwamba mtoto wa Afisa Taarifa hawezi kuchelewa kivuko.

Jumatano, 5 Julai

Nimeazima ubao kanisani. Nimeandika kwa mwandiko wangu bora: ABIRIA WOTE MNATAARIFIWA KWAMBA KUTOKANA NA SABABU ZILIZO NJE YA UWEZO WA MENEJIMENTI, HUDUMA YA UVUSHAJI IMESITISHWA KWA MUDA USIOJULIKANA. Nikasimama kando kuona matokeo.

Watu walisoma kwa makini. Walioweza kusoma waliwasomea wengine. Kisha wote wakageuka wakaniuliza: kwa hiyo kipo au hakipo?

Kabla sijajibu Masalu akapaza sauti kutoka mwaloni, ufukweni zinapoegeshwa boti, hatua chache tu kutoka gatini, kwamba hakipo, njooni kwenye boti. Wakaenda wote! Huyu Masalu ni mpiga debe wa boti za mashine. Hana ubao wala suti. Ana mdomo tu. Kwa kuwa anatoka kijiji kimoja na mke wangu, ananiita shemeji, na kwa haki hiyo ananitania atakavyo. Leo amesema ubao wangu ni mzuri, ila ungekuwa na nyama ungeliwa.

Sabina ameuliza kwa nini nisiandike tu HAKIPO. Nimemweleza kwamba taarifa rasmi ina lugha yake. Amerudi kuchambua mchele.

Ijumaa, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu. Nimekaa uani, mlimani nyuma ya mtaa wa Mirongo, nikaangalia ziwa. Kutoka kwetu unaliona lile jiwe kubwa lililosimama juu ya gati. Nikajiuliza: kama mimi naliona jiwe, na jirani analiona, na watu wote wa mlimani wanaliona, kwa nini mtu abebe mzigo mpaka chini ndipo aambiwe hakuna kivuko?

Bendera! Moja ya kivuko kipo, nyingine ya kinachelewa, nyingine ya hakipo. Mtu anatoka mlangoni na mswaki wake, anatazama jiwe, anajua siku yake. Nimesisimka mpaka chai ikapoa. Watu wa Igoma, walio mbali na ziwa, hawataiona, ni kweli. Hao nitawafikiria baadaye.

Sabina amekubali kushona. Tumeanza na kijani, kwa maana ya nenda. Nani asiyejua kijani?

Jumamosi, 8 Julai

Kila mtu anajua kijani. Nilisahau kwamba mwaka huu ni wa uchaguzi, na ndio wa kwanza wenye vyama vingi.

Bendera haijamaliza hata saa moja juu ya jiwe, vijana wa chama kimoja wakafika wakiimba, wakanipongeza kwa kufungua tawi. Nyuma yao wakafika vijana wa chama kingine, wakaniuliza nani kanipa ruhusa ya kufungua tawi kwenye mali ya wasafiri. Nikawaeleza kwamba hiyo kijani ni ya kivuko. Pande zote mbili zikacheka, kila upande kwa sababu yake. Nikaishusha nikapandisha ya bluu, kumbe bluu nayo ina wenyewe! Katibu kata akaja akitoka jasho, akaniomba nikae na rangi ambazo hazigombei kiti chochote.

Masalu alikuwa pale muda wote. Alinishauri nipandishe suruali yangu, shemeji, maana rangi yake haijulikani.

Nimeamua: nyeupe kivuko kipo, nyekundu kinachelewa, nyeusi hakipo. Siasa haina la kusema hapo.

Jumatatu, 10 Julai

Siasa kweli haikusema. Lakini nyeupe, nyekundu na nyeusi! Mtoto yeyote wa Usukumani anajua nani anatundika vitambaa hivyo mlangoni. Mimi ni Mhaya, nikaona rangi tu.

Kabla ya mchana wagonjwa walikuwa wameshapanga foleni chini ya jiwe, wakiulizia mganga. Bibi mmoja aliyetoka mbali, jina lake Mhoja, alikuja na kuku kwapani. Nikampa shikamoo, akaitika, kisha nikamweleza kwamba hapa hakuna dawa. Hapa ni taarifa tu. Akasema, "Ee, ng'wanawane, mwanangu, hizo hizo taarifa ndizo ninazozitaka. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Nilimwambia siwezi kujua habari za ng'ombe. Najua tu kwamba kivuko kitafika baada ya saa sita mchana. Alitikisa kichwa akafikiri. Akasema basi wako ng'ambo, na kuvuka ni baada ya saa sita. Akaacha kuku, akakata tiketi. Na kivuko kikafika baada ya saa sita!

Nimemtazama akipanda na fimbo yake. Nasema kweli, nilisikia huruma, na tena nikasikia fahari. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyenisikiliza kama yeye. Kuku tumemla. Sabina alisema tunakula dhambi, lakini alikula paja.

Jumatano, 12 Julai

Ushindi! Watu wameelewa. Jana ilikuwa nyeusi, na gatini hapakuja mtu wa kupoteza siku yake. Leo asubuhi nyeupe, na njia yote ya kushuka ikajaa watu na mizigo. Yule mama wa nyanya alikuwepo. Sasa kabla hajatoka Igoma anampigia mdogo wake wa mjini simu ya duka, amwambie bendera ni ipi. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema nyanya zake sasa zinafika nzima.

Nyumbani Queen ameanza kupanga tranka lake. Ndoo, jembe, godoro, kila kitu kina jina lake kwa rangi. Anataka udaktari. Ameniuliza kama Jumamosi itakuwa nyeupe kweli. Nimemwambia asiangalie kitu kingine, aangalie jiwe.

Alhamisi, 13 Julai

Mzee Shimba ameniita ofisini. Amesema bendera ni nzuri, abiria wanazisifu, ila nyeusi ya juzi imeupeleka mji mzima kwa Masalu. Biashara sasa ni ushindani, amesema, si kama zamani za serikali. Kwa hiyo nyeusi isipande bila ruhusa yake. Kivuko kikiharibika nipandishe nyekundu. Si uongo, amesema. Kivuko kisichokuja leo kimechelewa, kitakuja kesho.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Lina mantiki yake. Shirikani nilikuwa naandika mambo ya namna hiyo kila wiki, na sikuwahi kuumwa kichwa. Leo kiliniuma kidogo. Labda ni jua.

Jioni Sabina akasema Queen aondoke kesho na boti ya Masalu, asubuhi kukiwa kumetulia, tusicheze na siku ya mwisho. Nimekataa kabisa. Boti zile zinajazwa mno. Na je, watu watasemaje? Mtoto wa Afisa Taarifa anavushwa na Masalu! Ataondoka Jumamosi kwa kivuko, chini ya bendera nyeupe, mimi nikimpungia mkono. Queen alirudi kupanga tranka. Sabina alisema, "Haya, Baba Queen." Akisema hivyo huwa hajakubali.

Jumamosi, 15 Julai

Naandika usiku, wengine wamelala.

Asubuhi magugumaji yamejisokota kwenye propela. Fundi Chenge alizama, akaibuka na rundo la mizizi, akasema kuna kitu kimepinda. Nikamuuliza lini. Akasema labda jioni, labda kesho, yeye si Mungu. Mimi nikasikia jioni. Nilikwenda kuomba ruhusa ya nyeusi. Mzee Shimba akanikumbusha kwamba leo ndiyo siku ya uamuzi kuhusu ajira yangu. Nikapandisha nyekundu.

Gati lilikuwa tulivu ajabu. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeuliza. Nilikaa kivulini nikajisifu kwamba sasa abiria wana imani, wanasubiri majumbani kwao kwa amani. Mwaloni kulikuwa na makelele, boti moja inaondoka, nyingine inajaa. Sikuangalia sana upande ule. Mchana upepo ukaanza, ziwa likachafuka, boti zikavutwa nchi kavu. Mzee Shimba akaja akatazama gati tupu, akasema hajawahi kuona siku ya ubovu isiyo na matusi. Akanipa mkono. Nimeajiriwa!

Nilikuwa nimeushika mkono wake hivyo, nikaona Sabina anashuka na godoro kichwani. Nyuma yake Queen na tranka. Walikuwa wamekaa uani tangu asubuhi, wamevaa, wakitazama jiwe. Nyekundu, wakajua kinachelewa tu. Baba amesema tuangalie jiwe. Mpaka jua lilipoanza kushuka ndipo Sabina akasema hapana, twende tukaulize.

Masalu akaja, hata utani hakufanya. Akaniambia polepole kwamba mji mzima umeshajua tangu jana Ijumaa, nyekundu ilipokaa juu kutwa na kivuko kisije, kwamba nyekundu yangu maana yake hakipo. Watu wote waliiona asubuhi wakaja moja kwa moja kwenye boti. Ni nyumba yangu peke yake iliyoamini.

Queen alikaa juu ya tranka akaangalia maji, kama wale wa Jumatatu ya kwanza. Nilipanda juu ya jiwe nikapandisha nyeusi. Hapakuwa na mtu wa kuiona.

Jumatatu, 17 Julai

Jana asubuhi Masalu aliwavusha wote wawili, Queen na mama yake. Alikataa nauli. Aliwatafutia nafasi ya katikati, pasipo na maji, akabeba tranka mwenyewe begani. Nilimshukuru. Akasema wewe si shemeji yangu? Ningependa angenitania.

Nyumba iko kimya. Nimejipikia uji ukaungua. Nimetoka uani mara nyingi kutazama jiwe, ingawa bendera ya leo nimeipandisha mwenyewe. Namwonea uchungu mtoto yule. Najionea na mimi pia, lakini kwanza yeye.

Jumatano, 19 Julai

Sabina amerudi. Mkuu wa shule aliwapokea vizuri, lakini nafasi ya sayansi Jumamosi jioni ilipewa msichana mwingine aliyekuwa anangoja getini na baba yake. Queen amewekwa historia, Kiswahili na Kiingereza. Alisema asante akachukua ndoo yake. Alilia baadaye, bwenini, Sabina akimtandikia kitanda.

Nikauliza kama aliniachia neno. Sabina akavua viatu kwanza. Akasema ndiyo, aliacha. Akifunga shule Desemba, Baba asisumbuke na bendera. Ataulizia kwa Masalu.

Nimekaa na neno hilo jioni yote. Limenichoma, siwezi kusema uongo, hasa humu. Nimejiuliza kosa lilikuwa wapi. Nimepitia kila siku, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kama mtu mzima. Mwisho nimelipata.

Kosa ni rangi! Nyekundu imebebeshwa kazi mbili. Inatakiwa bendera ya nne, ya njano, kwa maana ya kinachelewa lakini msiondoke. Mzee Shimba amelipenda sana wazo hilo, amesema ndiyo maana aliniajiri. Kama njano nayo ina chama, basi zambarau.

Sabina amekataa kushona. Nitashona mwenyewe. Na ya Desemba nitaipandisha tu, kubwa kuliko zote, ili Queen aione akiwa bado ng'ambo, kabla hajamfikia Masalu.