Sampuli za Flashi kwenye Kompyuta ya Habiba

Habari ilisomwa kwenye simu na Badru, ambaye kijiweni wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Vijana wa Nairobi, alisema, wameanza kuzisaka zile kamera za dijitali za kwanza kwanza, na harusi bila kamera kuukuu siku hizi si harusi. Wote waliokaa kwenye benchi la saiba ya Habiba, duka lake la intaneti pale Nyamasaria, wakamgeukia Wesonga.

Wesonga ndiye Flashi. Alikuwa mpiga picha wa kwanza mtaani kuacha filamu, kisha simu zikaja zikamwacha yeye. Alikwenda nyumbani, akarudi na kamera nene kama mche wa sabuni, akamwomba Habiba amfungulie picha kwenye kompyuta ili wateja waone sampuli.

"Wateja wenyewe ni sisi?" aliuliza Kahiga, muuza spea, anayeitwa Jaji kwa kuwa hukumu yake haina rufaa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mbuta aliyevuliwa ziwani Dunga. Kahiga alisema huyo samaki alipigwa picha akiwa ameshakaangwa. Ya pili ilikuwa ya kwaya. Badru alihesabu vichwa akakuta vimezidi miili. Kwa ya tatu, Kahiga alitaka kuambiwa kama ni bibi harusi ama ni neti ya mbu. Wesonga alijitetea kwamba kamera ni ya zamani, na zamani ndiyo inatafutwa. Akajibiwa kwamba hata surua ni ya zamani. Habiba alicheka hadi kahawa ikamwagikia kibodi, na Wesonga akatamani angeiacha kamera yake chini ya kitanda.

Ikafunguka picha ya mwanamume mlangoni pa kibanda, uso mweupe pe kwa mwanga wa flashi.

"Na hii?" alisema Kahiga. "Hii ni mtu ama ni gunia ya unga imevaa koti?"

"Ni wewe, Mzee. Siku ulifungua duka," Wesonga alimjibu.

Benchi zima likaangua kicheko. Badru ilibidi ashike ukuta. Kahiga hakucheka. Alikuwa amesogelea kioo, akitazama nyuma ya hilo gunia, ambako mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani alikuwa anacheka.

"Huyo si Nduta?"

Kicheko kikakatika. Nduta, mkewe Kahiga, alifariki mwaka uleule, kabla simu za kamera hazijafika mtaani. Nyumbani kulibaki ile picha ya kitambulisho tu, amekunja uso.

Kahiga akaomba Nduta akuzwe. Habiba akamkuza, na Nduta akageuka miraba: miraba ya kahawia, na miwili mieupe palipokuwa na meno.

"Rudisha," Kahiga alisema. "Rudisha kidogo. Hapo. Usiguse tena."

Nduta akarudi, mdogo kama ukucha, anacheka. Badru aliizima simu yake. Mmoja mmoja wakakumbuka kazi zao. Wesonga, bila kuulizwa, akaanza kutafuta waya wa printa.

Kahiga alijipangusa macho, akakohoa.

"Lakini mimi," alisema, "uliniunguza uso, Flashi."