Mjomba, Pikipiki Yangu Haina Kosa, Haina Masega Tu

Kwa Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Vyombo vya Moto,
ambaye kwa upande wa pili ni Mjomba wangu, mdogo wake Mama wa kufuatana,
Dirisha Namba Tatu (lile lenye pazia lililoungua kwa pasi).

YAH: KUIFELISHA PIKIPIKI YANGU YA MBIO MBELE YA WATU, NA KUNIPA SIKU SABA KAMA MPANGAJI MBAYA

Mheshimiwa Mjomba, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpwa wako yule yule uliyemfundisha baiskeli kwa kumsukuma mteremkoni na kwenda zako kunywa chai. Shule niliishia kidato cha pili. Cha tatu nilikichungulia dirishani, nikaona hakina jambo jipya. Kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya humu, lisogeze mwenyewe, wewe ndiye msomi wa ukoo.

Jumanne iliyopita nilikuletea pikipiki yangu uwanjani ikaguliwe. Ni ile nyekundu ambayo mtu haikalii, anailalia kifudifudi kama mjusi ukutani. Ulikuwa na koti lako jeupe na kalamu mbili mfukoni. Ukaizunguka, ukaipima, mwishowe ukaandika kwenye fomu: “IMEFELI. Masega hayapo. Bomba la moshi si la kiwandani. Siku saba arudishe kila kitu kilivyokuwa, la sivyo namba ing’olewe.” Leo ni siku ya tano. Namba ikishang’olewa, pikipiki inageuka kigoda cha kuku uani, nami, ambaye mtaa mzima unaniita Radi, nitarudi kuitwa jina la kwenye cheti cha ubatizo, ambalo wewe na Mama mlichagua bila kuniuliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwa faida ya makarani wako watakaoisoma barua hii kabla yako, maana najua wanasoma: masega ni lile dude lenye vitundu vitundu kama nyumba ya nyuki, linalokaa ndani ya bomba la moshi kuusafisha moshi usitoke na sumu. Ndivyo wanavyosema waliolitengeneza. Mwuza mbuzi naye husema mbuzi wake hana kichaa.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba, ili usiseme umeruka moja kwa bahati mbaya.

1. Masega sikuyatoa mimi. Aliyatoa fundi wetu, tunayemwita Daktari kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akasikiliza ugonjwa. Mimi nilishika tochi tu. Kama kushika tochi ni kosa, basi wauguzi wote wa dunia hii wakamatwe. Na Daktari hakukurupuka, alinieleza kitaalamu: “We dogo, hebu jifunge blanketi mdomoni halafu ukimbie, uone utafika wapi.” Nilijaribu. Nilifika kwenye duka la pembeni, nikaangukia ndoo zilizopangwa nje. Pale pale nikaelewa mateso ya pikipiki yangu tangu ilipozaliwa. Mjomba, mtu akimfungua mnyama anayenyongwa na kamba, hupewa siku saba aifunge tena?

2. Kitambaa. Wote tunajua namna yako ya kupima moshi, maana mashine za serikali huna imani nazo. Unachukua leso yako nyeupe, ile ambayo Mkaza Mjomba ameidarizi herufi pembeni, unaifunga kwa mpira kwenye mdomo wa bomba, unasema “Washa!”, unahesabu hadi thelathini, kisha unaangalia imekuwa nyeusi kiasi gani. Kwangu ulifika tatu. Leso ikaondoka. Ilipita juu ya ukuta pamoja na mpira wake, na mpaka leo haijarudi. Wewe ukaandika kwenye fomu, “Kitambaa: hakikupatikana,” halafu chini yake, “Moshi: mchafu.” Mjomba, umeujuaje? Ushahidi umeruka ukuta, hukumu imebaki? Tena mlinzi wa geti aliiona leso ikipaa, akauliza, “Ndege gani yule mweupe?” Nakuomba uizingatie rangi hiyo. Hakusema kunguru.

3. Uliharibu matibabu. Baada ya masega kutoka, taa ndogo ya njano iliwaka pale mbele ya usukani, yenye picha ya injini, haizimi hata uitukane. Daktari akaitazama, akaguna, akakata tepu nyeusi akaifunika. Ugonjwa ukaisha siku hiyo hiyo. Wiki tatu pikipiki ikawa buheri wa afya. Wewe ukaja na ukucha wako, ukaibandua ile tepu mbele ya watu wote, na taa ikarudi kuwaka. Tulikuja wazima, tukaondoka wagonjwa. Ingekuwa hospitali, ungekuwa umefungua kidonda cha mtu kuona kama kimepona.

4. Kelele. Hapa nitachukua nafasi kidogo.

Kile kimashine chako cha kupimia sauti, nilipozungusha mkono wa mafuta mara moja tu, sindano ilikwenda mpaka mwisho, ikagonga ukuta wake, ikalala. Ukaandika “Imezidi.” Imezidi nini, Mjomba, na kimashine kilizimia kabla ya kumaliza kuhesabu? Mtihani hausahihishwi na mwalimu aliyezirai.

Halafu mnazungumzia kero, hamzungumzii huduma. Zamani pikipiki yangu ilikuwa kimya kama mwizi wa nyama jikoni, watu wanatembea katikati ya njia, napiga honi, wananiangalia kama nimewakosea. Siku hizi njia inafunguka mitaa miwili kabla sijafika. Mama mmoja hunipisha hata siku ambazo sikupita. Fundi cherehani wa mkabala nasi alikuwa na tabia ya kusinzia juu ya kazi, sasa hasinzii. Ni kweli alishtuka akashona mfuko kwenye goti la suruali ya mtu, lakini mwenye suruali ni mfupi, na goti analifikia. Kinyozi naye analalamika kwamba nilipopita mkono wake uliteleza ukachora barabara kichwani mwa mteja. Mbona hasemi kwamba vijana watatu wamekuja kuomba wachorwe hiyo hiyo? Mwalimu wa shule ya jirani hunyamaza dakika nzima ninapopita, na watoto wanapata muda wa kufikiri, jambo ambalo sisi wakati wetu hatukulipata. Nimechangia elimu zaidi nje ya shule kuliko nilivyochangia ndani.

5. Kuna uvumi kwamba pikipiki imepungua nguvu. Ni uongo. Yule mzee mwuza mikate wa baiskeli kunipita kwenye mlima wa ofisini kwako, nilimpisha. Mkubwa hupishwa. Mara ya pili pia nilimpisha. Mara ya tatu alikuwa amempakia mkewe, na wanawake nao hupishwa.

6. Harufu. Tangu masega yatoke, Mama anasema nanuka kama jenereta ya harusi. Ninakula barazani peke yangu. Nguo zangu zina kamba yake, mwisho wa ua, nyuma ya bafu, upande ambao jua huenda kwa mwaliko. Dada yangu akinikuta sebuleni anafungua madirisha kabla hata ya kunisalimia. Nakulaumu wewe. Ungenipa stika ya “IMEFAULU,” hiyo ingeitwa harufu ya mwanamume anayefanya kazi. Kwa kuwa umeniandikia “IMEFELI,” imekuwa harufu ya mtu aliyefeli. Kama mdogo wake Mama, nakutaka umwandikie kwa karatasi yenye nembo ya ofisi, umwambie nirudishwe mezani.

7. Upendeleo. Nisamehe, Mjomba, lakini hili lazima lisemwe, na utani wa mjomba na mpwa unaniruhusu. Mkaza Mjomba alituambia mbele ya mashahidi kwamba ukilala mchana wa Jumapili, vikombe vinatembea vyenyewe kabatini. Jirani yako alikuja kuuliza mnasaga nini. Sasa, hilo bomba lako limekaguliwa na nani? Leso gani ilifungwa mdomoni mwako ikahesabiwa hadi thelathini? Masega yako yako wapi? Ulizaliwa nayo ukayatoa, au hukuwahi kuwa nayo? Wewe una stika, tena ya kudumu, unatembea barabarani bila kusimamishwa, halafu unanipa mimi siku saba.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote, na zikipungua utaniambia niongeze:

Pikipiki yangu ipewe stika leo, ibandikwe mahali panapoonekana, siyo kule chini ya kiti ambako mnabandika za watu wa kawaida.

Masega yatolewe kwenye vyombo vyote vya moto bila ubaguzi, tuanze na gari la ofisi yako ili wananchi wapate mfano.

Chombo chochote kitakachokutwa kinakwenda kimya kishitakiwe kwa kosa la kuwanyemelea watu. Baiskeli zifungwe makopo. Wanaotembea na ndala laini waitwe kuhojiwa wanakwenda wapi.

Ofisi yako ifungwe bomba kama langu juu ya paa, liwashwe saa mbili kamili asubuhi, maana nimekaa Dirisha Namba Tatu mpaka saa nne nikitazama pazia.

Na kwa kuwa kazi yote hiyo itahitaji msimamizi, nakubali kuwa Afisa Sauti. Sijaombwa, lakini nimekubali mapema ili kuwapunguzia vikao.

Nikikosa jibu la kuridhisha, nitapita mbele ya dirisha lako kila siku saa saba, wakati unapofunga macho kidogo ukisema unatafakari. Nitapita taratibu.

Natumaini barua hii itakukuta una afya na moyo laini. Nisalimie Mkaza Mjomba, mwambie leso tunaitafuta. Wasalimie binamu zangu wote, yule mkubwa umwambie kofia yake ya pikipiki ninayo na inanibana. Wasalimie makarani waliofika hadi hapa. Msalimie mlinzi wa geti, shahidi wangu. Kisalimie hata kimashine, kama kimezinduka.

Ni mimi mpwa wako mtiifu kwa kiasi,

RADI
(sahihi ya dole gumba ni grisi, isikusumbue)

Nyongeza, isomwe na Mjomba peke yake, mlango ukiwa umefungwa:

Mjomba, yote niliyoomba hapo juu, nakuomba uyakatae.

Barua hii imeandikiwa gereji, wenzangu sita wakiwa wamenizunguka, kila mmoja anadai mstari wake uingie. Ule wa ndala ni wao. Wote sita wamepanga foleni kwa Daktari watolewe masega kwa kunifuata mimi, na nikiyarudisha yangu kwa hiari, kuanzia kesho sina pa kukaa wala jina. Nyongeza hii naiandikia chooni, karatasi imekaa juu ya paja, usishangae mwandiko.

Juzi Mama aliteleza uani na beseni la nguo. Kifundo cha mguu kilivimba, si sana, usije mbio. Lakini aliniita mara nne, na mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, namfuta vumbi huyu mnyama wangu. Sikusikia hata mara moja. Masikio yangu yana mvumo usioisha, Mjomba, hata sasa hivi ninapoandika. Mama hakunigombeza. Alidhani nimemsikia nikapuuza, na mimi nikaacha adhani hivyo, kwa sababu niliona afadhali hivyo kuliko ajue kwamba sisikii.

Masega hayakutupwa. Yamo uvunguni mwa kitanda, ndani ya sweta langu la shule. Bomba la kiwandani liko nyuma ya kabati. Daktari anasema ni kazi ya nusu siku kuyarudisha, ila naye anataka kwanza aone karatasi ya serikali, asije akaonekana alikosea.

Kwa hiyo njoo kesho gereji, adhuhuri, wote wakiwepo. Vaa koti. Njoo na muhuri, na ule wino mwekundu. Soma barua yako ya kukataa kwa sauti, tena usinionee haya, niite mkaidi, nitaje mpaka jina la kwenye cheti. Mimi nitabisha. Nitabisha sana, huenda hata ile habari ya vikombe kabatini nikaitoa hadharani, unisamehe mapema. Wewe usirudi nyuma. Utanikuta nimeshika usukani kwa mikono miwili, nimegoma, naapa siachii mpaka nife.

Vuta tu, Mjomba. Nitaachia.