Shubiri za Mpaka wa Sapiwi

Jumamosi, 8 Oktoba 1994

Leo nimeanza biashara. Naandika kwa kalamu nyekundu. Siku kama hii haiandikwi kwa bluu.

Miezi saba sasa tangu chama cha ushirika kinipunguze kazi. Miaka kumi na tisa nimepima pamba ya watu, leo naitwa aliyekuwa karani. Sawa. Redio inasema kila asubuhi kwamba soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Nimejitafutia. Nimepata. Maua!

Si maua ya kumwagilia. Hapa Bariadi ndoo ya maji inapiganiwa kisimani, nani atampa ua? Yangu ni yale manene, yenye maji yao tumboni. Shubiri. Mkonge wa porini, ule wa madoadoa. Na vile vinavyoota juu ya mawe, sijui jina. Unapanga matatu manne kwenye kopo, unatandaza kokoto nyeupe, basi. Nimeyaona kwenye kalenda ya Nairobi, mezani kwa bwana mmoja mnene mwenye simu mbili.

Mke wangu Scola ameliangalia kopo la kwanza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ni dawa ya kuku. Nikamwambia ni pambo. Akasema, Baba Bujiku, watu wa hapa wakiona shubiri wanakumbuka mdondo wa kuku tu. Mwenye maono hagombani na mwenye kuku.

Jumatatu, 10 Oktoba

Makopo tisa mezani, mbele ya nyumba. Wateja watatu. Wote watatu wameuliza kuku mmoja anyweshwe kiasi gani. Mama mmoja amenunua, amevunja majani palepale, akayafunga kwenye khanga, akanirudishia kopo. Alishukuru sana.

Josia naye amepita. Huyu tulikuwa makarani pamoja, tukapunguzwa siku moja kwa barua moja, ila jina langu lilikuwa juu ya lake. Sasa ana kibanda sokoni, anauza maua ya plastiki kutoka Mwanza. Amesimama, ametikisa kichwa, amesema yake hayahitaji hata udongo. Kisha akanionea huruma. Kwa sauti! Huruma ya Josia inauma kuliko jipu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Yesu na Maria! Makopo thelathini!

Ile kampuni mpya ya kununua pamba, waliopanga nyumba karibu na stendi, wanafungua ofisi Jumatano. Meneja wao, Bwana Marcelo, ameona meza yangu akiwa garini. Amerudi kinyumenyume. Anataka makopo thelathini, makubwa, yafike Jumanne. Wageni wakipendezwa, ataweka na ofisi ya Maswa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nyumbani nina mimea ya makopo manne. Nimezunguka vilima vyote vya mawe, mbuzi wamenitangulia. Nikakaa chini. Nikakumbuka Sapiwi.

Kwenye shamba la marehemu baba kule Sapiwi kuna mstari mzima wa shubiri na mkonge, kutoka barabarani hadi mbugani. Baba aliupanda na jirani yetu, Mzee Mboje, mwaka ule waliogombana wakapatanishwa. Upande huu sisi, upande ule Mboje. Siku hizi analima dada yangu mkubwa, Justina. Mumewe alipofariki, wakwe walichukua ng'ombe wote, wakamwachia watoto watatu na jembe la mkono. Ana majaruba matatu ya mpunga, yote yameegemea mstari ule, kwa kuwa ndipo maji yanapotuama. Hana kingine.

Baba alikuwa akisema shubiri ya mpakani ni shahidi asiyekula rushwa. Kweli. Lakini mpaka ule nani asiyeujua? Shahidi wa jambo linalojulikana anakaa bure. Afadhali aende ofisini.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimekwenda Sapiwi. Dada Justina hayupo, yuko msibani Migato tangu Alhamisi. Nimeona ni vizuri. Mtu mwenye msiba hasumbuliwi na mambo ya maua.

Nimeanza kuchimba peke yangu. Mzee Mboje akatoka kwake, tukasalimiana mwangaluka, mwangaluka, akasimama na kuangalia. Akauliza nafanya nini. Nikasema biashara. Akauliza kama dada anajua. Nikasema atajua. Akaupima mstari kwa macho hadi mbugani, kisha akaenda kuleta sururu yake. Tukachimba wote! Mzee wa miaka sabini! Hakutaka malipo. Alinihimiza nisiache hata mzizi, maana mzizi ukibaki unaoza. Mashimo aliyafukia mwenyewe, akasawazisha kwa mguu, usingejua kama palikuwa na kitu. Mwisho akafunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni, akanifikisha hadi barabarani.

Watu wema bado wapo nchi hii.

Mzigo hauondoki bila karatasi, hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Nina kitabu cha stakabadhi cha ushirika, nilikibeba siku ya kupunguzwa. Si wizi, ni kumbukumbu. Nimeandika: "Maua ya porini, mashina 64, yasiyo na mwenyewe." Nimetia sahihi. Nakala ya kaboni nimempa Mzee Mboje. Ameikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia.

Jumatano, 19 Oktoba

Ofisi imefunguliwa. Makopo thelathini yamepangwa kutoka getini hadi mezani kwa meneja. Nimeyapaka rangi ya fedha. Mgeni mmoja kutoka Shinyanga ameuliza nani fundi. Nimeonyeshwa kwa kidole! Nimeinama.

Josia alikuwa nje ya uzio na watazamaji. Nilimpungia mkono kwa upole. Upole mwingi.

Nimempelekea dada Justina kopo moja kama zawadi. Amerudi kutoka Migato amechoka, hajafika hata shambani. Amelipokea kwa mikono miwili. Akasema shubiri hizi zinafanana na zile za baba. Nikasema shubiri zote ni ndugu.

Jumatatu, 31 Oktoba

Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Leo asubuhi dada Justina amefika hapa kwa miguu kutoka Sapiwi, tope hadi magotini. Hakusalimia. Scola alimpa kiti, hakukaa.

Amesema Mzee Mboje ameingiza plau jana. Ng'ombe wanne. Amelima hatua kumi na mbili ndani ya shamba letu. Jaruba la chini ameligeuza lote, na la pili amelipasua tuta. Dada amemwendea, amemwambia, baba, umevuka mpaka. Mzee akamwambia, mayu, mama yangu, mpaka uko wapi, nionyeshe.

Akaenda kuuonyesha. Hakuukuta.

Kisha akaniuliza mimi. Alisema tu: Selestini, shubiri za baba ziko wapi? Nikatazama dari. Nikasema ziko salama, ziko ofisini. Dada yangu aliziba mdomo kwa kiganja, akatoka. Scola alimfuata njiani na khanga kavu.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Naona aibu. Aibu ya kweli. Lakini pia sikumtuma mtu aingize plau.

Jumatano, 2 Novemba

Mpango. Ushahidi ni shubiri zenyewe. Nitaziazima kwa Bwana Marcelo, nizibebe hadi kwenye baraza la kijiji Jumamosi, wazee wazione kwa macho.

Nimefika ofisini. Salaale! Makopo hayapo. Kumbe meneja aliamuru mfagiaji amwagilie mali ya kampuni mara tatu kwa siku, na mfagiaji ni mtu mtiifu. Na mimi makopo sikuyatoboa chini. Kutoboa kopo zima ni kuliharibu. Shubiri zimeoza zikanuka, wauza pamba wakaanza kupitia dirishani. Zimetupwa kwenye shimo la takataka.

Badala yake, kutoka getini hadi mezani: maua ya plastiki. Ya Josia! Mekundu! Josia mwenyewe alikuwa pale akiyafuta vumbi, akaniuliza nyumbani hawajambo.

Nimeingia shimoni. Nimeokoa mashina arobaini yenye moyo mzima. Watu walikusanyika. Mmoja alisema masikini, kazi ikipunguzwa na akili hupungua.

Jumamosi, 5 Novemba

Baraza limefanyika ndani ya ghala la zamani la ushirika, Sapiwi. Ghala langu! Mzani wangu bado unaning'inia, umeota kutu. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Athanasi, ameketi pale nilipokuwa nakaa mimi.

Dada Justina alisema maneno machache. Baba alipanda mstari, mstari ulikuwapo, haupo. Akakaa.

Nikaitwa mimi. Nilisimama kama mtu mzima. Nilisema mstari niliung'oa kwa mikono yangu, ulikuwa mpaka, nashuhudia. Ghala zima likaguna. Nikaona neno langu limekaa vizuri.

Mzee Mboje akaomba ruhusa. Akavua kofia taratibu, akatoa karatasi, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti. Maua ya porini. Mashina sitini na manne. Yasiyo na mwenyewe. Akanigeuzia, akauliza kama sahihi ni yangu. Nikasema ni yangu. Mzee mmoja akaomba aione, akasema mwandiko ni mzuri sana.

Mzee Mboje akasema yeye si mgomvi. Kama karani aliyesoma anasema ni maua ya porini, yeye asiyesoma ambishie? Mpaka wa kweli, akasema, ulikuwa hatua kumi na mbili zaidi, ila uzee, hakumbuki vizuri.

Wazee walitoka, wakarudi. Wamegawanya: sita kwake, sita kwetu. Jaruba la chini limekwenda, lile linaloshika maji hadi Mei. Mpaka mpya utapandwa mbele ya wazee, na atakayeung'oa atatozwa ng'ombe.

Dada Justina hakulia. Ningependa angelia.

Jumapili, 6 Novemba

Nililala kwa dada. Baada ya misa amenipikia wali. Wali Novemba! Wakati kila nyumba inakula michembe, viazi vikavu. Ulikuwa mweupe, na maziwa ya mgando pembeni. Watoto walikaa ukutani wakiutazama.

Nikauliza mpunga ameutoa wapi. Akasema ni mbegu ya jaruba la chini, alikuwa ameiweka, sasa haina pa kwenda. Akanisogezea sahani. Akasema, mchuma janga hula na wa kwao, mdogo wangu. Kula.

Nilikula. Kukataa chakula cha dada ni kumtukana. Watoto nao wakaitwa, wakala haraka haraka, mdogo akauliza kama na kesho wali upo. Mama yake akamwambia hapana.

Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia. Sioni haya kuandika. Nimeapa kwa jina la baba, nikarudi ndani nikaapa tena mbele yake: shubiri ya mpakani sitaigusa maisha yangu yote. Dada akasema Jumamosi niilete mimea niliyookoa.

Jumamosi, 12 Novemba

Tumepanda mpaka mpya. Wazee wawili, mwenyekiti, Mzee Mboje na kamba. Mashina arobaini. Nimepanda yote kwa mikono yangu, magoti kwenye tope, Justina akinipa moja moja. Mwishoni alinipangusa tope begani, jinsi alivyokuwa akinifanyia zamani nikienda shule. Nikajua amenisamehe, au amechoka. Kwa dada yangu ni vigumu kutofautisha.

Mvua imenyesha baadaye. Zitashika.

Jumatano, 23 Novemba

Mungu si Athumani! Jua la pale ofisini limeyababua maua ya Josia. Mekundu yamekuwa rangi ya maziwa, mengine yamejikunja kama nywele zilizoungua. Mkubwa wa kampuni amefika kutoka Dar, amecheka mbele ya wafanyakazi. Bwana Marcelo amemfuata Josia sokoni na makopo yote. Nilipita pale kwa bahati. Nilipita mara tatu.

Mchana dereva wake amenijia. Ofisi ya Maswa inafunguliwa kabla ya Krismasi. Makopo matano tu, safari hii nitoboe chini. Meneja amesema yeye hana kinyongo na mimi.

Scola amesikia kila neno. Ameuliza mimea nitaitoa wapi. Nimemwambia Mungu atafungua njia. Ameniambia, Baba Bujiku, nitazame usoni. Nilikuwa natafuta msumari wa kutobolea.

Mtu hujifunza kwa makosa, na mimi nimejifunza. Stakabadhi sitaandika tena. Karatasi ndiyo iliyotuponza.

Nimepiga hesabu. Makopo matano, mashina mawili mawili, ni kumi. Jana nilikwenda Sapiwi kumsalimia dada, nikautembelea mpaka. Zimeshika vizuri sana, zimenenepa, zinang'aa. Tulizipanda karibu karibu mno. Mahali pengine zinabanana, hazipumui. Mtu anayezipenda angezipunguza.

Jumapili ijayo dada ana zamu ya kufagia kanisa. Nitachukua za katikati tu. Mpaka wa mashina thelathini nao ni mpaka.