Nguruwe wa Kichina Ngazi ya Kaya

Wananchi wote wa Kata ya Mwalugoye, wenye nguruwe na wasio na nguruwe, mnatangaziwa kwamba umaskini umepatiwa dawa. Dawa hiyo ni nguruwe, achomwe nyumbani, kwa mtindo wa Kichina.

Tangazo hilo lilizungushwa kata nzima siku ya gulio, kwa kipaza sauti kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Aliyeliandika ni Lukresia, Mama Elieth, Kaimu Mtendaji wa Kata, na hakuona ndani yake neno hata moja la kuchekesha. Alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii. Watu wenye stashahada hiyo wanafundishwa kutocheka mpaka tathmini ikamilike.

Chanzo cha yote kilikuwa Mkurugenzi wa halmashauri, halmashauri ambayo kwa heshima yake hatutaitaja. Alikuwa amerudi kutoka Guangzhou kwenye ziara ya mafunzo. Alitumwa akajifunze pamba. Lakini huko hotelini, kwa maelezo yake mwenyewe, aliletewa vipande vya nyama ya nguruwe vyekundu, vitamu, vinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride, na hapo hapo akaona kwamba pamba ina watu wa kutosha wanaoihangaikia. Aliporudi alianzisha Mpango wa Nguruwe wa Kichina Ngazi ya Kaya. Kila kaya ichome. Kata ya mfano itakuwa Mwalugoye. Atakuja kuonja yeye mwenyewe.

Lukresia aliyapokea maelekezo hayo kwa simu, amesimama wima ingawa alikuwa peke yake ofisini. Kabla ya kukata, Mkurugenzi alisema kwamba zoezi likifaulu, lile suala la kumthibitisha kazini litajimaliza lenyewe.

Hilo ndilo neno alilokuwa akilisubiri. Lukresia alikuwa amekaimu kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wa shule walidhani Kaimu ndilo jina lake la ubatizo. Alikaimu wakati wa ukame, akakaimu wakati wa mafuriko, akasuluhisha kesi za ng'ombe na kesi za ndoa, akilipwa mshahara wa mtu mdogo na kulaumiwa kama mtu mkubwa. Kama njia ya kuthibitishwa ilipita tumboni mwa nguruwe, basi ipite.

Siku hiyo hiyo aliunda kamati. Mwenyekiti akawa yeye. Katibu akawa Enock, mtendaji wa kijiji, kijana mtiifu ambaye hakuwahi kuachia kipaza sauti kwa hiari yake. Mjumbe wa tatu akawa Mwamvua, mwalimu mstaafu, Muislamu, aliyeteuliwa kwa sababu katika suala la nguruwe hakuna aliyeweza kumtuhumu kwa upendeleo. Mwamvua alikubali kwa masharti kwamba atakuja na kiti chake, chai yake, na atakaa upande upepo unakotokea.

Kikao cha kwanza kilijadili wekundu. Lukresia alikuwa ameangalia video kwenye simu mpaka bando likaisha, na alithibitisha kwamba bila wekundu hakuna Uchina. Enock alipendekeza nyanya. Mwenyekiti alimuuliza kama anataka kupika mchuzi. Baada ya mjadala mrefu ilipitishwa kwamba itatumika rangi ile ya unga wanayotia kwenye ubuyu wa watoto, kwa kuwa imeshajaribiwa kwa wananchi na hakuna aliyelalamika. Asali itoke Ushirombo. Sosi nyeusi ya soya ilipatikana Runzewe, kwenye duka la vifaa vya uchimbaji, kati ya koleo na buti za mpira.

Kaya ya mfano ilihitaji kuwa na mfano, kwa hiyo Lukresia aliteua ya kwake.

Siku yenyewe ilipofika alifanya kila kitu sawasawa na video. Nyama ya shingo aliikata vipande virefu, akailaza kwenye tangawizi, vitunguu saumu, sosi na rangi, mpaka mikono yake ikawa kama ya mkunga. Katika video nyama iliwekwa ndani ya jiko la umeme lenye mlango wa kioo. Lukresia hakuwa nalo. Alikuwa na jiko la mkaa na wavu wa dirisha la zamani, jambo ambalo aliliita kuoanisha teknolojia na mazingira. Kisha akamwagia asali yote mara moja, kwa sababu hakuona faida ya kupaka kidogo kidogo kama mtu asiye na uamuzi.

Jikoni palimhitaji, lakini na meza kuu ilimhitaji. Uani Enock alikuwa ameweka kiti cha Mkurugenzi sambamba na cha Diwani, kosa ambalo kwingine limewahi kuvunja halmashauri. Lukresia akaenda kulirekebisha. Ikabidi kiti cha Mkurugenzi kipandishwe juu ya tofali, kisha Diwani naye apewe nusu tofali, kisha kitambaa kivutwe ili matofali yasionekane. Kazi ya namna hiyo haiharakishwi. Asali ikidondokea mkaa wa moto, nayo haisubiri.

Mwamvua ndiye aliyeita. Lukresia alipofika, moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye mgomba, na juu ya wavu pamelala vitu vyeusi, vinavyochemka pembeni.

"Mama Elieth," Mwamvua akasema, akiwa bado kwenye kiti chake, "mimi kitu hiki sikijui. Lakini hata mimi najua hakiko hivi."

Enock akakigonga kimoja kwa kijiti, kikalia. Akasema kwa huzuni, "Mayu, mama yangu, haya ni mawe ya kupeleka karasha yakasagwe."

Lukresia hakulia. Aliangalia saa, akaangalia barabara, akafanya alichofundishwa kufanya pale mradi unapokwama: akabadilisha mradi na kubakiza jina. Mawe aliyatia kwenye sufuria, akafunika. Enock akatumwa kwa bodaboda njia panda, kwa Salome.

Salome alichoma kitimoto chini ya bati moja, kando ya barabara, na kibanda hicho ndicho kilichokuwa mume wake, shamba lake na ada ya watoto wake. Alikuja mwenyewe na sinia lake kichwani, kwa kuwa vyombo vyake vilivyowahi kuingia ofisi za umma havikurudi. Nyama yake ilikuwa na chumvi na ndimu, basi. Lukresia akaipaka asali iliyobaki na rangi ya ubuyu kwa brashi ya kupakia viatu rangi, mpya, bado ina lebo. Ikang'aa. Alijieleza moyoni kwamba huu si udanganyifu. Ni ununuzi wa dharura kutoka kwa mzabuni wa ndani.

Mkurugenzi alifika na magari matatu. Alipokea shikamoo zote kwa pamoja, kwa marahaba moja ndefu, akapanda kwenye tofali lake, akaletewa sinia. Watu walijaa uani mpaka juu ya ukuta. Akachukua kipande, akafumba macho, akatafuna.

"Niko Guangzhou," akasema.

Akala cha pili akiwa huko huko Guangzhou, na cha tatu. Akawaeleza wananchi kwamba ladha ile haiigiki, kwamba mtu asiyesafiri hawezi kuijua, na kwamba yeye angeitambua hata akiwa usingizini. Akapiga simu mkoani mbele ya watu wote, akamwambia mkubwa wake kwamba Mwalugoye imefaulu kwa asilimia mia. Akamsifu Lukresia kwa jina lake kamili. Akasema mtu kama huyu kuendelea kukaimu ni aibu kwa taifa. Lukresia akashika kona ya meza.

Kisha Mkurugenzi akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshiba na kipaza sauti bado kinafanya kazi. Akasema, kwa vile sasa kaya zina uwezo wa kufikia viwango vya Kichina, hakuna tena sababu ya kuvumilia wale wachomaji wa barabarani, wasio na viwango, wanaoua ladha ya nguruwe. Vibanda vyote vya njia panda vifungwe kuanzia Jumatatu.

Watu wakapiga makofi, maana yeye ndiye aliyekuwa amesimama.

Salome alikuwa nyuma, karibu na pipa la maji, akisubiri sinia lake. Aliacha kufuta kisu alichokuwa akikifuta. Lukresia angeweza kuvumilia matusi. Kazi yake ilikuwa hiyo kila siku. Kisu kile kilichosimama kilimshinda. Alijaribu kujiambia kwamba suala la Salome litaundiwa kamati. Lakini alizijua kamati. Alikuwa mwenyekiti wake. Aliona pia, kwa upande wa pili wa mizani, barua ya kuthibitishwa, mshahara kamili, na mlango wa ofisi usio na neno Kaimu. Akauangalia mlango huo kwa mara ya mwisho.

"Mkurugenzi," akasema, "nyama uliyokula ni ya Salome. Imetoka njia panda. Mimi nimepaka rangi tu."

Mkurugenzi akafuta midomo, ambayo haikufutika, ilikuwa imekolea ubuyu.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa napima uadilifu."

Watu wakapiga makofi tena. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe hakuna, ya Lukresia iko wapi. Lukresia, aliyekuwa hana tena cha kupoteza, akaenda jikoni akaleta sufuria, akafunua. Wa mbele wakarudi nyuma.

Hapo ndipo Enock alipotimiza wajibu wake. Akasogeza kipaza sauti mpaka kwenye mdomo wa Mkurugenzi. "Mkurugenzi, wananchi wanauliza, ipi ndiyo ya Kichina?"

Hakuna mwananchi aliyeuliza. Lakini baada ya kuulizwa, wote walitaka kujua. Mkurugenzi akafikiri, na ilionekana kwamba anafikiri. Akisema hakuna, mkoa umeshaambiwa ipo. Akisema ni ya Salome, basi Guangzhou ilikuwa njia panda siku zote, na yeye alipanda ndege kwenda wapi? Ikabaki moja. Akachukua jiwe, akaling'ata. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kata nzima ilisikia likivunjika.

"Ndiyo yenyewe," akasema, na meno yake yalikuwa meusi. Enock akapiga picha, akaituma palepale kwenye kundi la viongozi la WhatsApp, na maelezo: nguruwe wa Kichina, amethibitishwa.

Wananchi wakaomba nao waonjeshwe. Bibi Paskazia alitafuna kidogo, akatemea pembeni ya kanga kwa adabu, kisha akawaombea Wachina wote, wa kwao na wa migodini. Mkurugenzi, akiwa bado anatafuta maji, akatangaza kwamba vibanda vya njia panda viendelee, kwa kuwa wanachofanya wao ni kitu tofauti kabisa. Salome akachukua sinia lake tupu akaondoka nalo, bila kuaga mtu.

Simu ya Mkurugenzi ikaita. Alisikiliza muda mrefu, akisema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kisha, nyumbani kwangu, mkuu? Mkoa ulikuwa umeona picha na umevutiwa sana. Na kwa vile mpango ni wa ngazi ya kaya, mkubwa angependa kuonja kwenye kaya ya mwenye mpango, ikiwa imechomwa kwa mkono wake mwenyewe. Jumamosi. Angekuja na wageni wawili, wahandisi kutoka mgodini, Wachina, ili wajisikie nyumbani. Na iwe nyeusi vilevile kama kwenye picha.

Msafara ukaanza kuondoka. Lukresia alikuwa akikwangua wavu wake alipoona kivuli. Mkurugenzi alikuwa amerudi peke yake, koti mkononi, amechutama kando ya jiko kama mtu anayetafuta moto wa sigara.

"Mama Elieth," akasema taratibu, "uliiunguzaje?"

Lukresia akaendelea kukwangua.

"Hilo ni suala la kitaalamu, Mkurugenzi. Linamhitaji Mtendaji. Mimi nakaimu tu."

Mkurugenzi akageuka, akapaza sauti kumwuliza dereva kule barabarani kama ndani ya gari kuna kalamu na karatasi ya barua.