Taji Chini ya Kofia

Jumamosi, 3 Machi

Makomredi wa kesho, nyinyi mtakaoisoma shajara hii siku mabango yetu yatakapolala makumbushoni, pokeeni salamu za mapambano! Leo nimelichora jalada la jarida letu la wanafunzi. Nguvu iliyoje! Bibi Dawlat Shukair, mwigizaji wa malkia tangu mama yangu akiwa msichana, amebebwa mabegani na vibarua, taji kichwani. Ukabaila mtupu!

Makala yake inaandikwa na Nivin, hasimu wangu, anayekimezea mate kiti changu cha mchoraji. Ameniuliza kama nimeisoma. Nikamjibu kuwa radi haisomi ramani kabla ya kupiga. Akasema ndiyo maana hupiga punda. Kamati nzima ikacheka. Waoga! Alhamisi itapigwa kura: jalada lisipoafikiana na makala, kiti ni chake.

Jumatatu, 5 Machi

Majalada yamefika kutoka kwa mpiga chapa. Yananukia wino na ushindi. Nikaifungua makala huku nikila koshari. Ukurasa wa kwanza tu, dengu zikanikwama kooni. Malkia aligoma! Alikataa kupanda jukwaani mpaka mafundi wa taa walipwe haki yao. Akaketi nao sakafuni, akala ful, maharage yao ya kila siku, katika sufuria yao. Nami nimemkalisha juu ya shingo zao! Sikusoma zaidi. Nyumba ikiungua, mwanamapinduzi hafunui kurasa.

Jumanne, 6 Machi

Mkakati! Nimekata kofia za magazeti, kama wavaazo wapaka rangi wetu wa Kairo, nikabandika moja juu ya kila taji. Gundi ya unga, nimeipika mwenyewe. Ami Bayumi, muuza magazeti wa langoni, ameuliza kwa nini bibi wa watu nimemfunga karatasi ya samaki. Nikamhutubia kuhusu tabaka la wafanyakazi. Akasema, "Sawa, bwana mkubwa, ila tabaka lako linavuja."

Alhamisi, 8 Machi

Bibi Dawlat amekuja ukumbini mwenyewe! Akalitazama jalada. Akauliza taji lake liko wapi. Nivin, akitabasamu kama paka mlangoni pa bucha, akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti: mgomo uliposhinda, vibarua walimbeba Bibi Dawlat mabegani na kumvika taji la karatasi kutoka stoo ya jukwaa.

Mchoro wangu! Mstari kwa mstari! Nami nimeufunika kwa mikono yangu. Ardhi, nimeze!

Ndipo bibi akaikwaruza kofia kwa ukucha. Gundi dhaifu, ibarikiwe. Kofia ikabanduka, taji likang'aa. Akacheka mpaka machozi. "Kumbe msomaji afike mwisho ndipo anivue kofia! Mwanangu, nani amekufunza ujanja huu?" Nikajibu: nadharia. Ukumbi mzima ukaanza kubandua kwa vigelegele. Nivin peke yake akauliza, tena kwa sauti, kama niliufikia ukurasa wa mwisho kabla ya kubandika. Nikapiga makofi kumshinda. Kura zikahesabiwa. Kiti ni changu!

Jumamosi, 10 Machi

Historia imenena: kusoma ni kujichelewesha. Toleo lijalo ni la bondia mmoja wa Iskandaria. Nivin hata hajaonana naye, lakini jalada liko tayari: nimemchora akimkaba simba. Makala itafuata, kama punda afuatavyo majani.

Makomredi! Kamati inakutana Jumatatu, saa kumi alasiri, ngazi za maktaba. Njooni na gundi.