Jeli ya Bwana Nafuu

Kuna watu wakimwona mwenzao anatokwa na jasho humpa maji ya kunywa. Bwana Nafuu akimwona mtu anatokwa na jasho huanza kufikiria bei.

Hilo la Nafuu si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mtaa kwa sababu ya mdomo wake. Ukiumwa jino, nafuu ipo. Paa likivuja, nafuu ipo. Ukiifuata hiyo nafuu unaikuta mfukoni mwake, ndani ya kichupa. Aliwahi kuuza dawa ya kunguni ambayo kunguni waliila wakanenepa. Lakini mtu msafi, jamani! Shati la kubana kifua, viatu vinang'aa, marashi yanamtangulia mlangoni. Nani atamwamini tapeli mchafu?

Asubuhi moja alikuwa kwa fundi cherehani, amepeleka suruali ipunguzwe miguu. Fundi alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, na chini ya sindano yake kulikuwa na gauni la bibi harusi, satini nyeupe tupu. Ghafla akaacha kushona, akasukuma kiti nyuma, akanyakua kipande cha boksi alichokatia kola na kuanza kujipepea kama anayewasha mkaa. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Dirisha lilikuwa wazi na nje kulikuwa na manyunyu.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Ni umri. Hedhi imekoma miaka miwili sasa, na tangu hapo joto linanipanda ghafla kama nimekaliwa na jiko. Usiku silali. Jana tone la jasho limeangukia satini, limeacha alama, nikafumua upande mzima." Akaangalia ukutani ambako mabibi harusi aliowashonea kwa miaka thelathini walikuwa wakitabasamu kwenye picha. "Nina gauni hili na mengine ya wapambe sita. Harusi ni baada ya miezi mitatu. Nikiyaharibu, hakuna atakayeniletea tena nguo nyeupe. Nitamalizia maisha yangu nashona mapazia."

Mtu mwenye moyo angemwonea huruma. Nafuu alimwonea huruma pia, kwa namna yake.

"Mama yangu," akasema, mkono kifuani, "mshukuru Mungu suruali yangu ilikuwa ndefu, ikanileta hapa. Kuna jeli ya homoni. Estrojeni. Unapaka, joto linakwenda zake."

"Sihitaji kumwona daktari kwanza?"

"Daktari atakupotezea siku nzima kwenye foleni, na mwisho atakuandikia hii hii."

Kumbe safari hii hakuwa akisema uongo mtupu. Alikuwa na nusu ya ukweli, ambayo kwa tapeli ni mtaji mkubwa. Duka moja la dawa lilikuwa limefungwa, na katika kuhamisha makabati, katoni moja ya jeli halisi ya estrojeni ilipotea njia ikaishia chini ya kitanda chake. Kila kopo la kweli aliligawa katika vichupa vitano. Kichupa cha kwanza cha kila mteja kilikuwa cha kweli. Mteja akishapata ahueni, akishaimba sifa mtaa mzima, kichupa cha pili na cha tatu vilitoka kwenye dumu jingine, la bei ya kutupa. Humo kulikuwa na nini, tutafika huko.

Kazi ya kuchota aliifanya chumbani kwake, madirisha yamefungwa majirani wasichungulie, amebaki na kaptura. Alichota kwa vidole. Jasho likimtoka alijifuta kifua kwa kiganja kile kile. Angevaa glavu za nini? Jeli ya kina mama imfanye nini mwanaume mzima?

Maelezo ya matumizi hayakumchosha. "Paka unavyopenda, popote unapopenda." Hakuuliza mteja ana mfuko wa uzazi au umetolewa, kama damu imewahi kumganda mguuni, wala kama ana ugonjwa wa matiti. Maswali hufukuza wateja.

Fundi akapaka. Wiki ya tatu akalala usiku kucha mpaka mumewe akamtikisa akidhani kuna jambo. Akashona magauni mawili ya wapambe bila tone moja. Akawaambia wauza mboga, nao wakawaambia dada zao, na Nafuu akawa na wateja thelathini na mmoja. Mikono yake ikawa haitoki kwenye jeli.

Kisha fundi akaanza kichupa cha pili, na joto likarudi kama mpangaji aliyesahau mzigo. Akaongeza kupaka asubuhi. Akaongeza na jioni. Hola. Na siku moja chooni akaona matone ya damu.

Alikuwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mkunga mstaafu. Mama huyo ana mdomo usio na mlango, lakini masikio yake yanasikia yasiyosemwa. Alipoambiwa habari ya damu hakucheka.

"Miaka miwili hedhi imekoma, leo unatoka damu, na wewe umekaa unashona vishikizo?"

"Wifi, nitakwenda nikimaliza magauni."

"Utakwenda sasa hivi. Gauni halina kizazi."

Huko kliniki daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, aliuliza maswali yote ambayo Nafuu aliyaruka, akapima presha, akachunguza alipopaswa kuchunguza. Kisha akamlaza fundi kitandani apige picha ya mfuko wa uzazi, na akamminia jeli tumboni.

Fundi akaruka. "Daktari! Hii naijua! Ubaridi huu, utelezi huu, na harufu hii. Ninayo nyumbani, vichupa viwili!"

"Mama, hii ni jeli ya kupigia picha tu. Haina dawa yoyote."

Wifi akamwangalia fundi. Fundi akaangalia dari. Kwa nusu mwezi mzima alikuwa akijipaka, asubuhi na jioni, jeli ya wajawazito.

Picha haikuonyesha baya lolote, na vipimo vingine vilivyofuata vikatoka salama. Fundi akalia kidogo, akajifuta kwa kanga. Daktari akamweleza polepole. Estrojeni ya kupaka inasaidia sana, lakini kwa mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi huandikiwa pamoja na homoni ya pili ya kuulinda. Kupaka peke yake bila mpango kunaweza kuleta damu kama ile, na mengine mabaya zaidi. Akamwandikia zote mbili, akamwonyesha kipimo. Apake pajani au mkono wa juu, ngozi kavu na safi, si kwenye matiti wala usoni. Aache ikauke, afunike kwa nguo, anawe mikono kwa sabuni.

"Na mjukuu, kama unaye, asikuguse hapo mahali," akaongeza daktari. "Wala mumeo. Ngozi ikigusana nayo kila siku inaingia. Nimewahi kumpokea mwanaume, kifua kimevimba na kuuma, kumbe ni jeli ya mkewe."

Wifi akakumbuka kwamba juzi alipishana na Bwana Nafuu sokoni. Jua kali, na bwana yule wa mashati ya kubana alikuwa ndani ya koti kubwa, amekumbatia mikono kifuani kama mwenye homa.

"Daktari," akasema kwa upole uliomtisha fundi, "huyo mwanaume alipona?"

"Aliacha kuigusa, ikapungua yenyewe."

"Yenyewe," wifi akarudia. "Haya."

Kesho yake akamtumia Nafuu ujumbe: wakunga wastaafu kumi na watano wanataka jeli, aje na mzigo wote kwa fundi cherehani. Tamaa haina breki. Saa nne asubuhi Nafuu alikuwa mlangoni, katoni mkononi, begi begani, koti mwilini. Mkanda wa begi ukateleza ukapita kifuani.

"Aaah!"

"Pole, mwanangu. Kifua?"

"Mkanda tu, mama. Tuongee biashara."

"Vua koti."

"Mama!"

"Nimezalisha miaka thelathini na tano. Kifua chako hakitanishangaza. Mficha uchi hazai."

"Mimi sitaki kuzaa!"

"Ndiyo tuangalie mapema, maana kwa hali hii hatujui."

Koti likatoka. Chini yake shati la kubana lilikuwa limepata kazi ambayo halikushonewa. Wifi akagusa kwa ncha ya kidole na Nafuu akatoa ukelele wa mtu mdogo sana. Fundi, mwenye pini tano mdomoni, ilibidi azitoe upesi asije akazimeza kwa kicheko.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Nilidhani ni mazoezi."

"Mazoezi gani ya chuchu? Jeli unachotea nini?"

"Kidole."

"Jasho unajifutia nini?"

"Kiganja."

Wifi akashusha pumzi, akanyamaza. Kuna ukimya ambao wakunga hufundishwa kwa miaka mingi, na hakuna mwanaume aliyewahi kuustahimili. Nafuu akakaa chini kwenye marobota ya vitambaa.

"Mama, niambie tu. Nitakuwa... nitakuwa mama wa watu?"

"Nani anajua?"

"Hakuna. Mchumba wangu namwambia nina mafua, asinikumbatie."

"Dawa ninayo," akasema wifi. "Lakini ina masharti. Haimponyi mtu ambaye bado ameshika kilichomdhuru, wala aliyekalia faida yake. Katoni unaiacha hapa, inakwenda kliniki wakaiharibu. Halafu unapita kwa wateja wako wote, mmoja mmoja. Unawarudishia chao, unawaambia kwa mdomo wako ulichowauzia, na kwamba waende kwa daktari. Ukimruka hata mmoja, haitashika. Nakupa siku kumi na nne."

Hapo ndipo mjanja wa mjini alipoanza kazi ya halali kwa mara ya kwanza maishani, nayo ilikuwa ngumu. Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asubiri, akarudi na ufagio. Muuza mboga alimlazimisha akatangaze kwenye kizimba, kwa sauti, na wateja wakaacha nyanya wakasogea kusikiliza. Aliuza saa yake, akauza viatu vinavyong'aa, akamaliza mteja wa thelathini na mmoja akiwa na malapa. Wote walikwenda kliniki. Wawili kati yao daktari aliwakataza kabisa estrojeni kwa sababu ya afya zao, akawatafutia njia nyingine.

Siku ya kumi na nne akafika kwa fundi. Gauni la mwisho la mpambe lilikuwa chini ya sindano, nalo lilikuwa jeupe pe. Joto lilikuwa bado halijamwisha fundi, ila sasa lilimjia mara mbili tu kwa siku, likipita kwa adabu. Paji la uso lilikuwa kavu.

"Nimemaliza, mama," Nafuu akamwambia wifi. "Wote. Nipe dawa."

Wifi akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha satini. Akafungua haraka. Kipande cha sabuni ya kufulia.

"Nainywa?"

"Unanawia mikono. Na usiguse tena ile jeli."

"Na dawa?"

"Ndiyo hiyo. Uvimbe utapungua wenyewe, taratibu, na naona umeshaanza. Miezi ikipita haujaisha, au ukisikia kigumu upande mmoja, nenda kwa daktari, na huko uvue shati bila kubembelezwa."

Hesabu ilimchukua Nafuu muda kidogo kuikubali. "Yaani... ningeacha tu kuishika, ningepona? Bure?"

"Bure kabisa."

"Umenitapeli! Mama mzima, na mvi zote hizo! Nakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu," akasema wifi, akimfungulia mlango. "Wakikuuliza umeumizwa wapi, waonyeshe."

Nafuu akaangalia mlango. Akaangalia koti lake. Akalifunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kisha akarudi akachukua sabuni yake.