Wikendi ya Wapendanao na Pampu Mbili

Jumatano, 4 Machi

Barua chini ya sahani yangu ya chakula. Mke wangu ndiye aliyeiweka, ili nisiseme sikuiona. Hospitali ya mbali, mwendo wa saa tisa kwa basi, inamtaka akasimamie wodi ya wazazi kwa miaka miwili. Jibu linatakiwa Jumatatu.

Nikamuuliza ana mpango gani. Akaniambia, kwa ile sauti anayotumia kwa wagonjwa kabla ya sindano, kwamba katika miaka ishirini na moja ya ndoa hajapata siku mbili mfululizo za mume asiyeshika spana. Nikimpa siku hizo mbili wikendi hii, atabaki. Nisipompa, anakwenda, maana upweke wa huku na wa kule ni uleule.

Spana! Nilianza ufundi wa pampu na spana moja ya kuazima. Leo nina duka, mafundi wanne, na nusu ya mji huu wanaoga kwa maji niliyowapandishia mimi. Shukrani iko wapi? Spana hiyohiyo ndiyo iliyowapeleka pacha wetu shule ya bweni.

Chanzo cha yote ni Mwanyumba. Kaoa dada yake mke wangu, anauza bima, ana mikono laini kama mkate wa maziwa. Mwezi uliopita alimpeleka mkewe hoteli ya ufukweni. Wakatuletea picha sitini na tatu. Nilizihesabu. Katika hamsini na nane, Mwanyumba kajitanguliza mbele ya bahari.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata! Akili ninayo, watu tu hawaulizi.

Kuna mama tajiri mwenye hoteli mbili za wapendanao. Moja iko mlimani, nyingine ufukweni. Tangazo lake linasema Ijumaa mlale juu ya mawingu, Jumamosi mlale kando ya mawimbi. Nyumba zote mbili zina pampu mbovu, na mwezi huu amenipigia simu mara tatu. Nimempigia mimi leo. Nimemwambia: pampu zako juu yangu, vyumba vyangu juu yako. Akauliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia mke wangu ni mwelewa sana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema haya fundi, ila wageni wake wasinione na ovaroli, maana wanakuja kusahau kazi.

Hesabu yangu: pampu ya mlimani dakika thelathini na tano, ya baharini hamsini. Jumla saa moja na dakika ishirini na tano. Wikendi ina saa arobaini na nane. Ni asilimia tatu tu! Nani atagundua asilimia tatu?

Nikamwambia mke wangu nimeshamaliza mipango yote. Akasema hakutegemea. Jioni akaenda kununua kofia ya jua. Roho iliniuma, dakika moja hivi. Kisha nikazifunga spana ndani ya taulo.

Ijumaa, 6 Machi. Mlimani

Mhudumu alilinyanyua begi langu akaguna, akauliza mzee umebeba mawe? Nikasema vitabu. Mke wangu akageuka: vitabu? Wewe? Nikasema vya mashairi. Sijui lilitoka wapi.

Chumba ni kizuri. Kitanda cha kulala watu wanne, petali za waridi juu ya shuka, mwanya wa nusu inchi chini ya dirisha. Mwanya sikuutaja. Nilijisifu kimoyomoyo.

Alasiri tukapelekwa kuona maporomoko. Nilikwenda kwa heshima ya ndoa tu. Tukakata kona ya mwisho, nikasimama. Mita sitini! Mto mzima unaanguka kutoka mwambani, mweupe, unanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Mimi, ili niyapandishe maji mita sitini kwa bomba la inchi mbili, nahitaji mota kubwa, umeme wa kuaminika na dua. Pale yanamwagwa usiku na mchana, mto mzima, na hakuna anayeyahurumia. Basi yalipandaje kule juu? Nani aliyapandisha?

Nilisimama mpaka shati likalowa. Mke wangu alinishika mkono. Alidhani ni mapenzi. Nikamwacha adhani hivyo.

Jumamosi, 7 Machi. Mlimani, kisha njiani

Niandike mambo mawili, la kwanza ni kubwa na la pili ni aibu.

La kwanza. Alfajiri mke wangu alinivuta barazani nikiwa na blanketi mabegani. Dunia haikuwepo. Chini yetu palikuwa na mawingu matupu, yametanda bonde zima. Jua likachomoza. Mawingu yakaanza kupanda, polepole, yakatupita usoni yakiwa baridi, yakaelekea kileleni. Hapo ndipo nilipolipata jibu la jana. Hiyo ndiyo pampu yenyewe! Inanyanyua maelfu ya tani za maji, bila mota, bila beringi, bila hata mlio. Miaka ishirini na sita kwenye kazi hii na sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilitaka kuvua kofia, nikakumbuka nimevaa blanketi. Mke wangu akaninong'oneza, nawaza nini? Nikamfunika nusu ya blanketi. Mimi!

La pili. Baada ya chai, mke wangu akasema anakwenda kuoga, asikimbizwe, leo ataoga kama malkia. Nikapiga hesabu: dakika arobaini. Nikasingizia matembezi, nikaingia chumba cha pampu, nikafunga koki kuu, nikafungua spana zangu.

Koki kuu. Mimi, fundi wa miaka ishirini na sita, ninayewafundisha mafundi wanne, niliyafunga maji ya hoteli nzima ili nimkwepe mke anayeoga.

Dakika ya saba nikasikia minong'ono. Dakika ya tisa, kelele. Nikachungulia. Wapendanao walikuwa wamejaa uani wakiwa na mataulo, weupe kwa povu. Bwana harusi mmoja alitembea amefumba macho, mikono mbele, akimwita mkewe, na mkewe akimjibu niko huku jamani, niko huku. Nikarudi ndani kugonga harakaharaka. Mlango ukafunguka.

Alikuwa yeye. Kofia ya jua kichwani, povu sikioni. Sikumuuliza alijuaje, akaniambia mwenyewe. Nagonga mara tatu, nanyamaza, nagonga mara mbili. Akasema hodi yangu kwenye chuma anaijua kuliko hodi yangu kwenye mlango wetu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisubiri nimalize na maji yarudi, maana macho yalikuwa yanamwasha. Kisha akazikusanya spana zote, akazitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu. Akasema siku ya kwanza nimeiua mwenyewe. Ila kwa sababu ya lile jua la asubuhi atanisamehe hiyo moja. Nimpe hii moja iliyobaki, Jumapili nzima, na jibu lake Jumatatu litakuwa la kubaki.

Siku moja badala ya mbili! Punguzo la asilimia hamsini! Sijawahi kupewa punguzo kama hilo hata na muuza mabomba wangu.

Akauliza kama kuna kazi nyingine nimeificha huko mbele. Nikaapa kwa pacha wote wawili kwamba hakuna. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa bado na kilomita mia na themanini mpaka baharini.

Jumapili, 8 Machi. Ufukweni

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Nitaeleza kwa mpangilio.

Ahadi ilikuwa nisishike spana. Sikushika! Watu wawe waadilifu. Asubuhi, mke wangu alipokuwa anachagua kanga ya kutandika mchangani, nilizungumza na mtunza bustani. Ni mama mmoja shupavu, mikono kama koleo, na spana anazo zake. Tukaelewana. Yeye atabadilisha mpira wa pampu, mimi nitamwongoza nikiwa nimelala ufukweni, kwa taulo. Taulo kulia, fungua. Taulo kushoto, kaza. Chumba cha pampu kina dirisha linalotazama bahari. Tangi liko juu ya paa la ukumbi wa chakula, yeye halioni, mimi naliona. Swichi inayojizima yenyewe tangi likijaa imekufa, kwa hiyo likifika ukingoni, baada ya dakika tisa, nitanyanyua taulo juu na yeye atazima. Akasema sawa kaka fundi, lakini usinisahau humu ndani, mimi na umeme hatujawahi kuwa marafiki. Nikamwambia mimi sijawahi kusahau pampu maishani.

Kazi ilikwenda kama maji. Kulia, kushoto, kushoto. Mke wangu akauliza ni nani ninayempungia. Nikasema naanika makwapa. Akasema haya.

Pampu ikawaka. Nikatazama saa: nne na dakika mbili.

Hapo mke wangu akasimama. Akanivisha kofia yake, akaikaza kanga, akatembea kuingia baharini. Nikamwambia asivuke magoti. Akavuka magoti. Akavuka kiuno. Nikasimama. Nikataka kuita. Akageuka kunitazama, akafungua mikono, akalala chali juu ya maji kama mtu anayelala kitandani kwake.

Akaelea!

Mke wangu anaelea. Kilo sabini na nne, mama wa pacha, ameshikwa na kitu kisichoshikika. Mawimbi yalikuja makubwa, yakapita chini yake, yakamnyanyua na kumshusha, naye kafumba macho. Bahari ilikuwa inajaa wakati ule. Yote, mpaka inapokutana na mbingu, inasogea kwa pamoja kuja kwetu, na haina koki popote. Nimetumia maisha yangu yote kuyanyanyua maji. Haikunijia hata siku moja kwamba maji nayo hunyanyua. Na huyu mwanamke alijua. Amelijua hilo miaka yote, kalala kitanda kimoja na fundi wa maji, na fundi hakuwahi kuuliza. Mita arobaini kutoka nilipo, alikuwa mdogo kama jani na nilimwona mzima kuliko nilivyowahi kumwona jikoni.

Sijui nilisimama vipi. Mdomo ulikuwa wazi, maana baadaye nilitema mchanga.

Kilichonirudisha ni mayowe. Nikageuka. Tangi lilikuwa linamwagika pande zote nne, paa la ukumbi linatiririka, wapendanao wamepanda juu ya viti, petali za waridi zinatoka mlangoni zikielea mstari mmoja kuelekea bustanini. Nikatazama saa. Nne na dakika ishirini na tano.

Mtunza bustani alitoka chumba cha pampu amelowa mpaka kitambaa cha kichwa. Akaja moja kwa moja, mbele ya wageni wote, na mbele ya mke wangu aliyekuwa anatoka majini. Kaka fundi, akapaza sauti, nimelisubiri taulo lako mpaka nimeota mvi humo ndani! Mke wangu akauliza taulo gani. Akaelezwa. Akaonyeshwa kwa vitendo: hii kulia, hii kushoto, hii juu ambayo haikuja. Wageni wakapiga makofi.

Nikajua nimekwisha.

Mke wangu akanikalisha juu ya ndoo. Akaniuliza jambo moja tu: wakati tangi linamwagika, nilikuwa nafanya nini? Nikatafuta uongo. Sikuwa na hata mmoja uliobaki. Nikamwambia nilikuwa namwangalia yeye. Akauliza kwa muda gani. Nikapiga hesabu. Tangi hujaa dakika tisa, mimi nilizinduka dakika ya ishirini na tatu. Nikasema dakika kumi na nne.

Akairudia: dakika kumi na nne. Akauliza kama kweli muda wote huo pampu haikunijia akilini. Nikasema haikunijia. Akaketi mchangani, akacheka mpaka machozi, au akalia mpaka kicheko. Sikuweza kutofautisha. Kisha akaegemea goti langu, na sikuthubutu kujisogeza.

Jumatatu, 9 Machi

Amejibu barua. Anakwenda.

Nililalamika. Nilisema zile dakika kumi na nne je? Akasema kwa sababu ya hizo. Ndizo bora katika ndoa yetu, na anataka nyingine. Humu ndani hatazipata, kwani kutoka kitandani kwetu mpaka mlango wa duka ni hatua saba. Nikiwa mbali naye mita arobaini nilimwona. Anataka kujaribu kilomita mia sita. Tena wodi ile anaitaka, mikono yake inaiwaza tangu barua ilipofika, na mimi sikumuuliza hilo pia.

Kila Ijumaa nipande basi nimfuate. Mikono mitupu. Nimekubali. Nimebeba masanduku yake mawili mpaka barazani, na nyumba imeanza kutoa mwangwi na bado hajaondoka.

Mwanyumba amepiga simu kunipa pole. Ameongezea kwamba yeye mke wake yupo.

Jumatano, 11 Machi

Sikulala vizuri, nikashika kalamu nipige hesabu. Miaka miwili ni wikendi mia moja na nne. Kila wikendi dakika kumi na nne. Jumla ni dakika elfu moja mia nne hamsini na sita, yaani saa ishirini na nne na dakika kumi na sita. Siku nzima na ziada! Niliitazama namba ile nikapigwa na butwaa kama kule kwenye maporomoko. Alitaka siku mbili, nami nina moja mkononi tayari!

Asubuhi nimeipigia simu ile hospitali, kumtakia heri mke wangu tu. Katika mazungumzo mtunza stoo akagusia kwamba wodi ya wazazi hupata maji siku mbili kwa juma. Pampu! Na wana nyumba ya wageni yenye chumba kinachotazama ziwa. Tumeelewana. Mke wangu atafurahi sana, ila hakuna sababu ya kumchosha na maelezo.

Mikono nitakwenda nayo mitupu, kama nilivyoahidi. Spana za dukani zimetangulia kwa basi la mchana, ndani ya boksi lililoandikwa mashairi.

Na simu nimeitegesha kengele mbili, kila Jumamosi. Ya kwanza, kusahau kazi: saa kumi kamili alasiri. Ya pili, kuikumbuka: saa kumi na dakika kumi na nne.